Haya na Maradhi ya Mkojo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba binadamu akamwekea mwilini njia ya kuingizia riziki na njia ya kutolea taka. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye hakuona aibu kuwafundisha watu wake mambo yote ya dini yao, hata adabu za chooni.

Ama baada ya haya. Ndugu msomaji, jambo nitakalolizungumza leo ni zito kulitaja na jepesi kulikimbia. Wengi wetu tukiliona tungependa kufunua ukurasa mwengine. Nakuomba usifanye hivyo, kwani huenda likawa limo ndani ya nyumba yako hivi sasa, nawe huna habari.

Jioni moja baada ya sala ya Magharibi, hapa Kunduchi, kijana mmoja katika wale niliowasomesha chuoni tangu wakiwa wadogo alibaki msikitini wenzake walipotoka kwenda barazani kunywa kahawa. Alingoja mpaka safu zikawa tupu, ndipo aliponisogelea na kuniamkia. Akasema: "Sheikh wangu, nina suala, lakini naona haya kuliuliza." Nikamwambia aulize, kwani elimu haipatikani kwa mwenye kuona haya wala kwa mwenye kiburi. Akasema: "Baba yangu huamka usiku mara tano, mara sita, kwenda haja ndogo. Akiingia chooni hukaa sana, na nikisikiliza nasikia matone tu. Nikimwambia twende hospitali hunigombeza, huniambia nimekosa adabu. Sasa nimesoma ya kuwa siku hizi imepatikana mashine yenye kuisikiliza sauti ya mkojo na kutambua kama mtu ana maradhi. Je, yafaa niifiche simu chooni, niirekodi sauti ya baba bila ya yeye kujua, kisha niipeleke ikapimwe?"

Ndugu msomaji, nimesomesha kwa miaka mingi, wala sijapata kuulizwa suala kama hilo. Nilimwomba anipe siku tatu. Sikutaka kumjibu kwa haraka, kwa sababu ndani ya suala lake mlikuwa na mambo mawili makubwa, nayo ni uhai wa mzazi na sitara ya mzazi. Na siku ile ile lilinirudia jambo la zamani lililokuwa likinichoma moyoni, ambalo nitakueleza mbele.

Kwanza tuifahamu hiyo mashine yenyewe. Mtu akipatwa na shida ya mkojo, daktari hutaka kujua mkojo wake watoka kwa kasi gani. Katika hospitali kubwa kuna chombo mfano wa faneli; mgonjwa hukojoa ndani yake, nacho huhesabu ni mililita ngapi zinatoka kwa kila sekunde. Mwanamume mzima mwenye afya, mkojo wake unapofikia kasi yake kubwa hupita mililita 15 kwa sekunde. Ukiwa chini ya 10 daktari huingiwa na shaka kwamba njia imebanwa. Lakini kipimo hicho kina udhia. Mgonjwa hutakiwa kibofu kijae, hungojeshwa, kisha huambiwa akojoe katika chumba kigeni hali ya kuwa anajua kuna mtu anamngoja mlangoni. Wapo wanaoshindwa kabisa kwa haya.

Ndipo madaktari wa Hospitali Kuu ya Singapore wakafikiri njia nyingine. Waliwarekodi wanaume zaidi ya 500 wakikojoa, katika chumba kisichoingia kelele, wakaifundisha kompyuta kuilinganisha sauti na kasi ya mkojo. Kompyuta ya namna hiyo ndiyo ile isemwayo kuwa ina akili mnemba, na wengine huiita akili unde. Maana yake ni kwamba huonyeshwa mifano mingi sana mpaka ikaweza kukisia mfano mpya iliokuwa haijapata kuusikia. Mwaka 2022, katika mkutano wa madaktari wa maradhi ya mkojo wa Ulaya uliofanyika Amsterdam, walieleza kwamba makisio ya kompyuta yao yaliafikiana na chombo cha kawaida kwa zaidi ya asilimia 80. Tamaa yao ni kwamba mgonjwa akae nyumbani kwake, atumie simu yake, na asione haya ya mtu.

Huenda msomaji akasema: hii ni ajabu ya Wazungu na Wachina, sisi yatuhusu nini? Nami nasema kuijua hali ya kitu kwa sauti yake si jambo geni kwetu. Muuza madafu hugonga dafu kwa kidole au kwa kisu, akakwambia hili lina maji na hili limeshakuwa koroma. Mwenye kununua nazi huitikisa karibu na sikio. Hapo pwani ya Kunduchi, penye soko la samaki, kuna mafundi wa mashine za boti ambao hawafungui kitu mpaka kwanza wameisikiliza mashine ikinguruma. Katika mwaka 1761 tabibu mmoja wa Vienna, Auenbrugger, ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, aliandika jinsi ya kugonga kifua cha mgonjwa ili kujua kama ndani mna maji, kama vile pipa linavyogongwa kujua limejaa mpaka wapi.

Na iko habari nyingine ambayo yatakikana tuizingatie zaidi. Kile chombo ambacho kila daktari huvaa shingoni na kukiweka kifuani pa mgonjwa kilianza mwaka 1816 mjini Paris. Tabibu Laennec aliletewa mwanamke kijana mwenye maradhi ya moyo. Desturi ilikuwa tabibu aweke sikio lake juu ya kifua chenyewe, naye akaona hilo halifai kwa mwanamke yule. Akachukua karatasi, akaikunja ikawa kama mwanzi, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, akasikia vizuri kuliko zamani. Basi tazama: haya haikumzuia yule tabibu kutibu. Haya ilimfanya atafute njia bora ya kutibu, na dunia nzima ikafaidika. Huo ndio mwendo wa haya iliyo sawa.

Tukija katika sharia yetu, wanavyuoni wamekubaliana kwamba tupu ya mtu haifunuliwi ila kwa dharura, na matibabu ni katika dharura hizo. Lakini wameweka na sharti, kwamba dharura haipitishwi mpaka wake. Ikiwa daktari atatosheka kwa kuona kidogo, haruhusiwi kuona kingi. Akiwapo mwanamume wa kumtazama mwanamume na mwanamke wa kumtazama mwanamke, hao hutangulia. Kwa kanuni hiyo, kipimo chenye kutosheka na sauti na kumwacha mgonjwa amejisitiri kiko karibu zaidi na sharia kuliko kipimo chenye kumvua nguo, kwa kadiri ya kile ambacho sauti yaweza kukieleza. Kwa hivyo sioni ubaya wa chombo chenyewe. Wala mtu asiseme kwamba kuzungumza chooni kumekarahishwa na kwa hiyo simu haifai. Mgonjwa hazungumzi, na simu yenye Kurani ndani yake ikiwa imefungwa haimzuii kuingia nayo kwa haja ya matibabu.

Sasa nikueleze lile lililonichoma.

Nilikuwa na mwenzangu, tulisoma pamoja chuoni, tukaisoma Safina pamoja tungali watoto, na tulipokua akawa muadhini wetu. Sauti yake ilifahamika mpaka Mtongani. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Ramadhani, nilitoa darsa kwa siku tatu juu ya hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), ya Bwana Mtume (S.A.W.) kupita penye makaburi mawili na kueleza kwamba waliomo wanaadhibiwa, na kwamba mmoja wao alikuwa hajihifadhi na mkojo. Nilisema kwa ukali. Niliwatisha watu kwa tone moja la mkojo katika nguo, nikaona nimefanya vyema kwa sababu watu walilia.

Baada ya Ramadhani ile mwenzangu alianza kupungua msikitini. Alfajiri akawa haonekani. Kisha akaacha kuadhini, akasema koo lamuuma. Baadhi yetu tulisema barazani kuwa amekuwa mvivu, na wengine walisema maneno mabaya zaidi ya hayo. Nami nilikuwapo, wala sikuwakataza.

Ukweli tuliujua baadaye kwa mkewe. Mkojo wake ulikuwa haukatiki. Akimaliza, akavaa kanzu yake, hutoka tena tone na tone. Alikuwa akikaa chooni nusu saa, akijikamua na kukohoa. Akibadilisha kanzu mara tatu kabla ya sala moja. Na mwisho akaacha kunywa maji ili mkojo upungue. Alidhani yeye ndiye yule mtu wa kaburini. Usiku mmoja mkojo ulifunga kabisa. Alibebwa akipiga kelele, akatiwa mpira wa mkojo hospitalini, lakini mkojo uliokuwa ukibaki kibofuni kwa muda mrefu ulikuwa umekwisha kurudisha nguvu juu na kuyaharibu mafigo. Hakutimiza mwaka. Mwenyezi Mungu amrehemu na amtie katika rehema zake. Daktari alitwambia kwamba lau angalikuja miaka miwili kabla, vidonge au upasuaji mdogo ungalimtosha.

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa mwalimu wake siku ile ya darsa, na nilimfundisha nusu. Nilimfundisha khofu, sikumfundisha ruhusa. Vitabu vyetu vya madhehebu ya Imam Shafi vimeeleza wazi hukumu ya mtu mwenye mkojo usiokatika. Husubiri wakati wa sala uingie, hujisafisha, hujifunga kitambaa au pamba kwa kadiri ya kuzuia, hutawadha, kisha huharakisha kusali. Na kinachotoka baada ya hapo, akiwa hana uwezo nacho, hakimdhuru. Hufanya hivyo kwa kila faradhi. Huyo hahesabiwi katika wale waliopuuza tahara, kwani aliyepuuza na aliyezidiwa si sawa. Hayo niliyajua, na sikuyasema. Wala sikumwambia neno la pili ambalo ni kubwa zaidi, kwamba hali hiyo ni maradhi, na maradhi yana dawa.

Bwana Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila ya dawa yake isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Wazee wetu hulishika neno hilo la mwisho, wakasema: "Haya yangu ni uzee tu." Lakini sivyo. Chini ya kibofu cha mwanamume kuna tezi iitwayo tezi dume, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Umri ukisogea, tezi hiyo hukua. Takriban nusu ya wanaume waliofika miaka 60 huwa imeshakua. Ikikua huibana njia, kama mtu anayeukanyaga mpira wa maji bustanini. Basi kukua umri ni uzee, lakini kubanwa njia ni ugonjwa, nao hutibiwa. Na wakati mwengine ndani ya tezi hiyo hiyo huwamo saratani, ambayo ni katika saratani zinazowapata sana wanaume wa nchi hii. Mwenye kunyamaza hawezi kujua ni lipi katika hayo mawili analo.

Na wale waliotutangulia katika dini hawakunyamaza. Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa akisumbuliwa na kutokwa na madhii, naye aliona haya kumuuliza Mtume kwa kuwa alikuwa mume wa binti yake. Je, alifanya nini? Alimtuma Miqdad aulize kwa niaba yake, akapata jibu. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Na yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Madina, masahaba walipotaka kumkemea, Mtume (S.A.W.) aliwazuia wasimkatize mpaka amalize, kisha akaamrisha pamwagwe ndoo ya maji. Katika kisa hicho mna huruma juu ya mwili wa mtu na juu ya heshima yake.

Narudi kwa suala la kijana. Zile siku tatu niliisoma tena hadithi ya makaburi mawili, na hapo nikaona jambo nililokuwa nikilipita kila mwaka. Makaburi yalikuwa mawili. Mmoja hakujihifadhi na mkojo. Na wa pili? Wa pili alikuwa akichukua habari za watu na kuzipeleka kwa watu. Kwa miaka yote nilikuwa nikiwahubiria watu juu ya kaburi la kwanza, na la pili nikilitaja kwa haraka. Kumbe hadithi hii moja imekusanya mambo yote mawili tunayoyahitaji leo: mkojo wa mtu na siri ya mtu. Sisi tuliokaa barazani tukimsema muadhini wetu, ni kaburi lipi kati ya yale mawili tulilokuwa karibu nalo?

Basi nikamwambia kijana: mwanangu, usiifiche simu. Baba yako ana akili zake, na idhini yake iko karibu nawe, umbali wa kumuomba tu. Sauti yake ya chooni ni katika sitara yake, na Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Hujurat kupelelezana. Sauti hiyo ukiiweka katika simu, huwezi kujua itafika wapi. Leo umeitia kwa nia njema, kesho simu imeazimwa na ndugu yako, keshokutwa imo katika kundi la vijana wakichekeana. Na ukiipeleka kwa mashine iliyo mbali, huenda imehifadhiwa kwa watu usiowajua. Hata sheria ya nchi imeliona hilo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezihesabu habari za afya ya mtu kuwa ni katika zile zinazotaka hifadhi ya ziada. Kinachochukuliwa kwa idhini ni amana. Kinachochukuliwa kwa kufichama ni wizi, ijapokuwa mwizi ni mwana na nia yake ni dawa.

Akaniuliza: "Na kama atakataa mpaka afe, Sheikh?" Suala hilo ni la haki, na sikulidharau. Nikamuuliza nami: "Hiyo simu itakwambia nini usichokijua?" Akanyamaza. Nikamwambia: "Umeshasikia kwa masikio yako kwamba anaamka mara tano. Umeshasikia kwamba ni matone. Mashine ikikubali, itakwambia mkojo wake ni dhaifu, apelekwe kwa daktari. Hilo wewe ulilijua kabla ya kuja kwangu. Katika nyumba yenu sikio lipo, kinachokosekana ni ulimi."

Ndugu msomaji, hapo ndipo palipo na kiini cha maneno yangu. Tunaweza kuletewa mashine ya ajabu kuliko hii, lakini ikiwa nyumbani hatusemezani, itatukuta tumekwisha kuzikana. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai, na wakasema mficha maradhi kilio kitamfichua. Haya imewekwa ili tujisitiri mbele ya watu, na mwenye kuifanya ukuta baina yake na tabibu ameiweka pasipo pahali pake.

Wala tusiitukuze mashine kupita kadiri yake. Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa ametukataza kufuata tusilolijua, akatuonya kwamba masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Makisio ni makisio. Abu Ali Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza sana katika kitabu chake cha Qanun jinsi ya kuyajua maradhi kwa kuutazama mkojo, lakini aliweka masharti: uwe wa asubuhi, mtu awe hajala, tena awe hakula kitu chenye rangi kama zaafarani, asije tabibu akaihukumu rangi ya chakula akadhani ni maradhi. Basi ikiwa macho ya Ibn Sina yalihitaji masharti, masikio ya kompyuta yanayahitaji zaidi.

Ile mashine ya Singapore ilifunzwa katika chumba kimya, kwa sauti za wanaume. Je, sisi hali yetu ikoje? Wengi wetu huchuchumaa, kwa kufuata yaliyo mashuhuri katika ada ya Mtume (S.A.W.). Vyoo vyetu vingi ni vya shimo, au vya kuchuchumaa, ambavyo mkojo hauangukii juu ya maji. Na mkononi tuna kopo la kustanjia, ambalo maji yake nayo yana sauti. Mashine isiyopata kuingia katika nyumba ya Kiislamu ya pwani yaweza kuyasikia maji ya istinjaa ikasema, huyu mkojo wake una nguvu, hana maradhi. Mgonjwa akarudi kulala na maradhi yake. Kwa hivyo vijana wetu wanaosoma elimu hizi vyuo vikuu wasingoje kuletewa. Waifundishe mashine hali zetu, kwa idhini za wenyewe na kwa kuilinda amana.

Tena sauti ina mipaka yake. Haiwezi kusikia rangi. Mtoto wa Unguja au Pemba mwenye kichocho, ambaye mkojo wake una damu, hatatambuliwa kwa sauti ya maji. Haiwezi kujua kama mkojo ni dhaifu kwa kubanwa na tezi au kwa kuchoka misuli ya kibofu. Wala haiwezi kuijua saratani. Hayo yanataka damu ipimwe, na pengine yanataka mkono wa daktari, ambao ndio wazee wanaouogopa kuliko kitu chochote. Nami nawaambia: mkono huo hauvunji heshima ya mtu, wala hauondoi uanaume. Ni dharura iliyoruhusiwa, huchukua muda mfupi, na Mwenyezi Mungu aijua nia ya mwenye kutibiwa.

Na mama zetu na dada zetu wasisahauliwe. Ikiwa mwanamume amenyamaza mara moja, mwanamke amenyamaza mara kumi. Wapo ambao baada ya kuzaa mkojo huwatoka wakicheka au wakikohoa. Wapo waliopatwa na fistula kwa uchungu wa kuzaa uliokaa siku mbili tatu, mkojo ukawa watoka bila ya kukoma, wakakimbiwa na waume zao na wakatengwa jikoni na katika shughuli. Waume hao watamjibu nini Mwenyezi Mungu? Fistula hutibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT hapa Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi. Mwenye mke au binti aliye katika hali hiyo asimfiche ndani kama aliyefanya kosa, ampeleke.

Basi nawausia wenye nyumba mambo machache. Mzee akianza kuamka mara nyingi usiku, mkewe amuulize kwa upole, wala asimcheke. Mwana akiona haya kumwambia baba yake, amtume mtu wa rika lake, kama Sayyidna Ali alivyomtuma Miqdad. Rafiki, shemeji au imamu wa msikiti. Mgonjwa asiache kunywa maji kwa kuikimbia shida. Mwenye kutokwa na matone atawadhe kwa kila faradhi na asali, wala asiihame jamaa. Na sisi masheikh tunapozisoma hadithi za kutisha tusome na ruhusa zilizo pamoja nazo, kwani miongoni mwa wanaotusikiliza yumo mgonjwa.

Kijana alinitaka mimi niwe Miqdad wake. Nilikwenda kwa baba yake siku ya Ijumaa baada ya sala, tukakaa ukumbini, nikamwambia habari za muadhini wetu, ambaye yeye naye alimjua. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu hata mke wangu: kwamba mimi pia huamka mara nne, na kwamba nimekuwa nikilificha kwa miaka miwili. Alinitazama sana, akacheka, akasema: "Kumbe na masheikh!" Jumatatu tulipanda basi pamoja na kijana kwenda hospitali, na tulipoandikishwa, majina yalikuwa mawili.

Majibu yangu naweza kuyasema: tezi imekua, nimepewa vidonge, na nimeambiwa nirudi kutazamwa. Majibu yake ni yake.

Pale karibu na pwani yetu pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ya watu walioishi hapa Kunduchi kabla ya babu zetu. Kila nikipita huwaombea, na siku hizi huyakumbuka yale makaburi mawili kwa pamoja, bila ya kulipita la pili kwa haraka.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, asitiri aibu zetu duniani na akhera, na amghufirie muadhini wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.